Pompi ya Pumzi Ilikuwa Kabatini

Wamama, wababa, ndugu zangu wa kanisa, munivumilie. Miye si muntu wa kusemasema mbele ya watu, ila leo nikinyamaza nitapasuka.

Munajua kazi yangu ni kuzalisha wamama. Wakati ya vita walitupora pale maternite, nyumba yetu ya kuzalishia, mpaka magodoro. Watoto walizaliwa kimya, sisi tunawapiga mugongo, tunawamwangia maji ya baridi, tunaomba Mungu. Njo vile tulivyofundishwa. Wengi walituondokea mikononi, na tuliangalia tu.

Vita ikaisha, wakatuletea pompi ya kupulizia mutoto pumzi. Kwa woga ya kuporwa tena, tukaifungia ndani ya kabati! Funguo iko na chef wetu, mukubwa wa kazi, na yeye anaishi ngambo ya muto, Alunguli. Kuitumia, hakuna aliyejua vizuri.

Asubuhi moja mudogo wangu, mutoto wa mama yangu, akazaa mbele yangu. Mutoto muzuri, lakini halii. Nikapiga kelele: "Funguo!" Wakanijibu: "Chef angali kwenye mutumbwi, anavuka."

Eh, Mama! Nikamupiga mugongo, nikamumwangia maji. Mudogo wangu anauliza: "Yaya, dada yangu, mbona halii?" Miye nazidi tu kumupiga mugongo. Chef alipofika, mutoto alikuwa amekufa, amepoa.

Kisha mama mumoja akatoka Lubutu kutufundisha. Sikumutaka. Formasyo ngapi za kutufundisha zimepita hapa, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani? Huyu akauliza tu: "Mutoto asipolia, munaanzia wapi?"

"Tunatafuta funguo," chef akajibu mwenyewe. Akafunika uso kwa mikono.

Siku ile ile pompi ikatundikwa kwenye musumari, karibu na kitanda ya kuzalishia. Sasa kila juma tunajizoesha na mutoto wa vitambaa, wote, hata chef. Akikosea tunamucheka, anarudilia.

Wengine bado wanatuondokea, sitawadanganya. Lakini juzi mumoja alizaliwa kimya, tukapuliza, akalia. Wamama wakapiga vigelegele. Miye nikatoka inje nikalia sana. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo!

Aksanti kwa yule mama wa Lubutu, aksanti kwa chef wetu aliyekubali kurudi darasani. Ndugu zangu, kila kazi mujizoeshe wote pamoja, kabla shida haijafika.

Na wewe mudogo wangu, uliyekaa pale nyuma, pole. Sina neno lingine la kukupa.