Mama Filister Akoth, Aliyehesabu Mwaka kwa Maua

Mama Filister Akoth Odera alizaliwa tarehe 12 Aprili 1962 huko Rangwe, Homa Bay, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oliver Owuor na marehemu Mama Pelesia. Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi darasa la saba, mwaka 1977. Sekondari hakubahatika kwenda.

Mwaka 1983 aliolewa na Paul Odera wa Migori. Badala ya sufuria, alikuja na tawi nene la mti wa orembe begani. Mama mkwe akacheka, "Huyu ametuletea kuni?" Ni Paul aliyechimba shimo, akalimwagilia tawi lile maji kiangazi kizima mpaka likatoa mizizi.

Kwa miaka thelathini na moja aliuza miche kando ya barabara ya Isebania. Wateja walitaka miti ya mbao. Nyumbani kwake alipanda ya maua, kila mmoja na zamu yake: orembe mwekundu Januari, kasia ya manjano Mei, jakaranda Oktoba, mkrismasi Desemba. "Boma langu halitakaa uchi hata mwezi mmoja," alizoea kusema, na kweli halikukaa.

Machi 2025 alipatikana na saratani ya koo, akalazwa hospitalini Migori. Kila Paul alipomtembelea, alimuuliza swali moja tu: nini kimechanua? Siku moja ya Mei Paul akajibu, "Jakaranda imejaa maua mpaka chini."

Paul alipotoka, Mama Filister akamgeukia mdogo wake Cate, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. "Jakaranda, mwezi wa tano? Cate, huyu mzee amekata miti yangu."

Alikuwa ameikata yote. Cate alipombana, alisema, "Daktari alishatuambia. Sasa watu wa matanga wangekaa wapi? Hema ingeingia wapi?"

Mgonjwa alipoambiwa hayo alisema, "Kumbe nilishakufa na hamkuniambia." Jambo hilo lilimuuma kuliko saratani, na Cate hatalifunika kwa maneno matamu. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025.

Ameacha watoto watatu, Phanice, Willis na Liz, wajukuu saba, na dada yake Cate. Ameacha pia mume, Paul. Mwenyewe aliagiza neno "mpendwa" lisiandikwe karibu na jina hilo.

Hema tulimoketi leo limesimama juu ya kisiki cha orembe, na kisiki kimechipua. Tukiinuka, tuangalie tunapokanyaga.

Mungu amlaze penye kivuli.