Mzee Taratibu Akabidhi Funguo za Gari Namba Nne

Tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi saba ya utumishi, dereva wetu wa gari namba nne anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye barua ya uongozi iliyobandikwa mlangoni. Humu nitamwita tunavyomwita sote, Mzee Taratibu.

Meneja ameniomba niandike mimi kwa sababu ndimi pekee niliyemtangulia kazini, kwa miaka miwili. Ameomba ukurasa wa kuchangamsha, maana utasomwa mbele ya keki. Nilikwenda kwanza kwa mwenyewe kuomba ruhusa. Alinijibu kwamba niandike yaliyotokea au niache kabisa. Basi waliokuja kucheka watacheka kidogo, kisha wanivumilie.

Alipojiunga nasi alikuwa na miaka thelathini na ushei, ametoka kuendesha lori la saruji, na vumbi la saruji lilikuwa bado halijamtoka kwenye kucha. Ofisi wakati huo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la matairi: feni moja, simu moja ya mezani, redio koli moja ya kuzungumza na madereva, na daftari la oda lililokuwa chini ya mkono wangu. Kazi yangu ilikuwa ileile ya leo. Mtu aliye mbali anasema anakuja kisiwani kupumzika, anataka gari lake peke yake limngoje uwanja wa ndege, asisukumane na watu kwenye basi la hoteli. Mimi naandika jina, tarehe na hoteli, nakata karatasi, nampa dereva.

Mzee Taratibu alikuwa dereva wa kwanza kunirudishia karatasi. Aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, akataka kujua watu hao wanne wana masanduku mangapi. Sikujua. Siku ya pili akauliza kama mtoto aliyeandikwa ni wa kubebwa au wa kukaa. Siku ya tatu akasema saa ya kufika haimsaidii kitu, anataka namba ya ndege, kwa sababu saa hudanganya. Nilimwona msumbufu, na nilimsema vibaya kwa wenzake. Lakini mgeni yeyote anayeweka oda ya gari kwetu leo kwa simu yake ya kiganjani, akaulizwa namba ya ndege, idadi ya mizigo, kiti cha mtoto na kama kuna mgonjwa, ajue maswali hayo hayakutungwa na fundi wa kompyuta. Yalitungwa na dereva wa lori aliyekataa kutoka nje mpaka ajibiwe.

Jina la Taratibu alilipata kwa haki. Madereva wenzake walidai kwamba mgeni wa wiki moja akipanda namba nne, anafika hotelini siku ya kurudi kwao. Yeye hakubishana. Alikuwa akisema wageni wametoka kwenye haraka, hawakulipa nauli ya ndege ili waikute tena huku.

Na kuna lile tukio la wanandoa ambalo meneja amesisitiza nisiliache. Ndege moja ilileta jozi mbili za wageni wenye jina moja la ukoo: maharusi wa siku tatu, na mzee na bibi yake waliokuwa wakitimiza nusu karne ya ndoa. Niliziandika oda mbili zile kama mapacha, bila kutofautisha. Maharusi wakafikishwa kwenye nyumba tulivu ya wageni ambako taa huzimwa saa mbili na nusu, na wazee wakapelekwa kwenye hoteli ya muziki, kitanda kimetandazwa maua ya waridi. Mzee Taratibu ndiye aliyerudi asubuhi kuwabadilisha. Maharusi walimshukuru sana. Wale wazee walikataa katakata kuhama.

Hapo ndipo kicheko chetu kinapokomea.

Mwaka wake wa tano nasi, mkewe aliugua figo. Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka sita. Mke alilazwa siku ya Jumamosi, na Jumanne iliyofuata Mzee Taratibu alikuja kazini akaomba asipewe safari za mbali. Ilikuwa kilele cha msimu wa wageni, magari yote yamebanwa. Nilimpa oda ya saa nne asubuhi kwa sababu uwanja wa ndege uko karibu na hospitali. Ilikuwa familia ya watu watano, na bibi yao akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Namba nne ndilo gari pekee lililokuwa na ngazi ya kupandishia kiti hicho. Nilidhani nimemsaidia.

Ndege ikachelewa. Saa nne ikawa saa sita, saa sita ikawa saa nane. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wakubwa. Dereva akiwa nje, sikio lake lilikuwa ile redio koli, na redio koli ilikuwa mezani kwangu.

Saa sita kasoro dakika kumi simu ya mezani ililia. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, akipiga kutoka hospitali. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema: "Mwambie shemeji aje sasa hivi. Dada anamwulizia."

Nilikwenda kwa meneja wa wakati ule, ambaye aliondoka kwetu miaka mingi iliyopita. Alisikiliza akiwa amesimama. Akasema hakuna gari jingine la kumbeba yule bibi, wageni wametoka upande wa pili wa dunia, na nisimvuruge mtu aliyeshika usukani. Dereva amalize oda, kisha aambiwe. Hakunikaripia. Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza njia. Nami nikarudi kukaa.

Nimesema huyo meneja aliamua, na ni kweli. Lakini redio haikuwa mkononi mwake. Ilikuwa mkononi mwangu, na ningeweza kubonyeza kitufe wakati wowote ule, akasikia au asisikie, akanifukuza au asinifukuze. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na wazazi waliokuwa wakinitegemea. Niliogopa.

Saa saba alinipigia kwenye redio kuuliza kama kuna ujumbe wowote. Nikamjibu hakuna, asubiri wageni. Saa saba na nusu akauliza tena. Nikamjibu hakuna.

Ndege ilitua saa nane na robo. Aliwafikisha wageni hotelini, kaskazini kabisa mwa kisiwa, saa kumi kasoro robo. Hapo ndipo nilipomwambia. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa. Muuza matairi wa jirani yetu, aliyekuwa njiani akirudi dukani, alisema aliiona namba nne ikipita kama mshale, akadhani imeibwa. Alifika hospitali saa kumi na nusu. Mkewe alikuwa amefariki saa tisa kasoro robo. Shemeji yake alimweleza mambo mawili: kwamba marehemu alikuwa akitazama mlangoni mpaka mwisho, na saa aliyopiga simu ofisini.

Tulikwenda mazikoni wote, kwa magari matatu. Nilibeba shada la maua la ofisi. Yule mtoto wa miaka sita alinipokea lile shada, akaniambia ahsante shangazi.

Siku ya nane alirudi kazini. Alikuja mpaka mezani kwangu, akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Kusema kweli nilikuwa natamani nitukanwe. Alisema: "Nilikuuliza mara mbili." Kisha akanyoosha mkono kupokea karatasi ya safari, akaisoma, akauliza masanduku mangapi.

Tangu siku ile hakuwahi kunikosea adabu. Salamu yangu aliijibu kila asubuhi. Lakini kwangu hakuketi tena kunywa chai, na neno lisilohusu oda hakunipa. Waliokuja baadaye walidhani ndivyo alivyoumbwa, mtu mkimya. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa nikilitazama kovu hilo kila siku ya kazi, kutoka ng'ambo ya meza.

Miezi miwili baada ya msiba, kwenye kikao cha wafanyakazi, alisimama akadai mambo mawili yaandikwe. La kwanza, ujumbe wowote kutoka nyumbani kwa mfanyakazi ufikishwe dakika ileile, hata kama gari limebeba mfalme. La pili, kila oda iwe na dereva wa akiba. Meneja alisema tutalitazama. Kesho yake asubuhi madereva wote saba waliketi kibarazani na funguo mifukoni, na ndege tatu zilikuwa hewani. Kanuni iliandikwa kabla ya chai. Ndiyo ile iliyo ukutani juu ya kompyuta, ile karatasi mnayoniuliza kwa nini hatuichapi upya. Ni mwandiko wangu. Yeye alitamka, mimi nikaandika.

Wapo humu ndani waliofika kwa wakati watoto wao wakizaliwa, kwa sababu ya karatasi hiyo. Nami nina langu.

Miaka minne baadaye nilikuwa uwanja wa ndege nikiamua ugomvi wa wageni wawili walioahidiwa gari moja. Mzee Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti changu kunishikia zamu, akisubiri oda yake ya saa saba. Mama yangu akapiga simu, yeye akaipokea. Angeweza kunitumia ujumbe kwa redio ya gari letu lililokuwa pale, na kanuni ingekuwa imetimia. Hakufanya hivyo. Alimkabidhi oda yake dereva wa akiba, akawasha namba nne, akanifuata mwenyewe. Nilimwona anakuja katikati ya wageni na masanduku yao. Aliniambia nichukue mkoba wangu, baba amezidiwa.

Tulikwenda mpaka kwenye mzunguko wa hospitali. Hapo nikashindwa. Nilimwambia anisamehe, kwa ile siku, kwa zile mara mbili. Aliendelea kutazama barabara. Akasema: "Dada, mimi bado sijasamehe. Lakini mzee wako hajanikosea kitu."

Nilimkuta baba ana fahamu. Alinitambua, akauliza kama nimekula. Nilikaa naye usiku kucha na akafariki saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nilipotoka nje kuwatafuta ndugu zangu, nilikuta namba nne bado imeegeshwa chini ya ukuta, na Mzee Taratibu amelala kwenye usukani. Alikuwa hajaondoka tangu jana yake. Alitupeleka nyumbani sote, taratibu.

Nimeishi na wema ule kwa miaka ishirini. Si mwepesi kuubeba. Mtu akikutukana unaweza kumtukana, mkaishia hapo. Mtu akikutendea jema ulilomnyima, huna pa kulitua.

Sasa macho yamemwangusha. Mwezi wa saba daktari alikataa kumsainia karatasi ya leseni. Uongozi ulimpa kazi ya mezani mpaka siku yake ifike, na kwa miezi mitatu amekaa kando yangu, akipokea oda za wageni kwa miwani nene. Ni mzuri kuliko mimi. Hajawahi kuandika mapacha.

Ijumaa iliyopita alimkabidhi meneja funguo za namba nne, alizokuwa bado nazo. Akapita meza hadi meza kuaga, akafika kwangu mwisho. Aliniambia binti yake anakuja Jumapili na mumewe, kumhamishia kwao. Akasema nije nile nao chakula cha mchana. Nilimwuliza kama binti anajua. Akasema anajua yote tangu ana miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyeuliza kama nitakuja. Hakusema amesamehe. Mimi sikumwuliza, nina umri wa kutosha sasa wa kujua kwamba si swali langu kuliuliza mara ya pili.

Nitakwenda. Sijui nitamwambia nini yule mtoto.

Mzee wetu, kwa niaba ya madereva, wapokea oda, mafundi, na wageni wasiohesabika uliowafikisha salama bila wao kujua jina lako, pokea shukrani zetu. Ulitufundisha kuuliza kabla ya kuondoka. Ulitufundisha pia, kwa gharama ambayo hakuna kati yetu ambaye angekubali kuilipa, kwamba nyumbani kwa mtu ni mbele ya kazi yake. Mungu akupe afya, akutunzie mwanga wa macho uliobaki, na akuweke karibu na binti yako na wajukuu watakaokuja. Pumzika sasa. Ndege yoyote itakayochelewa kuanzia Novemba mosi, tutaisubiri sisi.