Bi Samiha na Mchezo wa Kufagia Barafu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Samiha, mama wa duka la vitambaa pale Gongo la Mboto, aliyetutoka mwezi uliopita. Duka lake wengi mnalijua. Lakini leo tunaongelea barafu! Ndiyo, barafu, Gongo la Mboto!

Mkwewe ni Jovina, mke wa mwanawe Hamoud, aliyeolewa kutoka Bukoba. Miaka miwili nyumba moja, na kati yao salamu tu. Shikamoo, marahaba, basi. Jovina akachoka. Siku moja alishafunga begi, anaondoka.

Mara akasikia mama mkwe anafoka sebuleni: "Fagia! We vipi? Fagia basi!"

Jamani! Mkwe kuambiwa fagia kwa ukali ule! Jovina akanyakua fagio, machozi yanamlenga, akaingia na kuanza kufagia zulia. "Nafagia, mama! Na nikimaliza naondoka!"

Bi Samiha akageuka, macho yamemtoka. "We mtoto, nani kakwambia wewe? Naongea na hawa!"

Kwenye televisheni, watu wawili wanasugua barafu kwa mafagio, na jiwe kubwa linateleza nyuma yao. Ni kalingi, wasikilizaji, mchezo wa nchi za baridi. Bi Samiha aliukuta akitafuta tamthilia yake.

"Mie nilidhani wafanya usafi wameingia uwanjani kimakosa," akasema. "Nikasema masikini, hawa kazi hawana!"

Jovina alicheka mpaka akakaa chini. Bi Samiha kumwona vile, naye hoi. "Njoo hapa mwanangu, unieleze. Mbona wanafagia pasafi?"

Jovina mwenyewe hajui! Wakatazama wote, wakabishana, mpaka wakagundua: ukifagia, jiwe linakwenda mbali zaidi. Liliposimama katikati ya duara lililochorwa kwenye barafu walipiga kelele, jirani yao Salumu akaja mbio kuuliza nani kaibiwa.

Begi likafunguliwa. Kuanzia hapo, kila Jumamosi baraza la vigae linamwagiwa maji ya sabuni. Bi Samiha anasukuma kidumu cha mchanga, Jovina anafagia mbele yake, kalowa chapachapa. "Kulia, Jovina! Kulia kwako! Aaah, umeniua!" Majirani wanashangilia. Hamoud akirudi kazini, anaanguka mlangoni, na hakuna anayemwonea huruma.

Sasa, msibani. Mnajua desturi yetu, mkwe kazi yake ni jikoni. Wanawake wakamwita Jovina akaoshe sufuria. Akainuka. Bi Afrah, dada wa marehemu, akamshika kanga.

"Rudi ukae mkekani na wenzio," akamwambia. "Wewe huoshi vyombo leo. Wewe umefiwa."

Hapo ndipo Jovina alipolia kwa sauti.

Wasikilizaji wapendwa, kama ndani mwako yupo mtu wa salamu tu, leo kaa naye, utazame anachokitazama. Hamoud, Bi Afrah, na ndugu wote wa Gongo la Mboto, poleni sana. Mungu amrehemu Bi Samiha.

Na wewe, Jovina, pole kwa kufiwa na mama yako.