Mfungo wa Mama Ciru

Benchi letu liko nyuma ya maduka ya Adams, kando ya kibanda cha Mwanzia, fundi wa viatu. Tunamwita Redio, maana chochote kilichosemwa redioni asubuhi yeye hukirudia hadi jioni. Mwenzake ni Kinyanjui, makanika, jina la hapa Injini. Mimi ni Baba Ciru. Huja kunywa kahawa, na nakiri mbele ya Mungu kwamba huja pia kwa sababu nyumbani sina wa kuongea naye. Mke wangu Wanjugu yupo, lakini kila siku ananisahau kidogo zaidi. Asubuhi hiyo niliwaambia nimemfungisha tangu jana, tunaiombea akili yake.

— Umefanya poa sana, alisema Redio. Wanasayansi wamegundua. Ubongo unakula sukari. Ukifunga, sukari inaisha, unaanza kuchoma mafuta ya mwili. Ni kama gari imetoka petroli ikaingia gesi. Moshi hakuna!

— Wacha hizo! alisema Injini. Datsun ya zamani ukiiendesha tanki ikiwa karibu tupu, inavuta uchafu wote wa chini. Kabureta kwisha. Mpe huyo mama uji.

— Buda, wewe umezoea vyuma. Huko majuu panya walinyimwa chakula, wakakumbuka njia zote za kwao.

— Panya ako na kwao?

— Sikiza! Chembe za ubongo zikishikwa na njaa, zinakula takataka zao zenyewe. Zinajifagia!

— Na takataka zikiisha? Si zitakula jina la bwanake?

Walicheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

— Mnadhani Methusela aliishi miaka yote ile akila chapati? Redio alipandwa na mori. Wiki moja tu, Baba Ciru! Mama atakutajia hadi namba za simu za zamani.

— Apigie nani? aliuliza Injini. Wenyewe walishakufa.

Dada mmoja, Phoebe, alikuwa amekuja kushonewa kiatu. Alisimama akingoja, mguu mmoja ndani ya slipa ya Redio.

— Samahani, baba, aliniambia. Mama anakumbuka kwamba amefunga?

— Hapana. Akiitisha chakula ndiyo namwambia tena.

— Sasa akisahau, anajua hayo ni maombi, ama anajua tu ni njaa?

Redio aliizima redio yake. Injini alianza kujikwangua grisi kwenye kucha. Niliiacha kahawa palepale benchini.

Mtaa wa Jamhuri, tunakoishi, si mbali. Nilimkuta Wanjugu sebuleni, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Alisimama akanipa kiti kwa adabu, kama mtu apokeaye mgeni wa kanisani.

— Utanisamehe, sijakupikia chai.

Kisha akatazama mlango nyuma yangu, akashusha sauti.

— Kuna mzee anaishi hapa. Hataki nile.