Siku ya Sita Baada ya Pembe

Kijiwe cha Nyarugusu kilikuwa gogo la mninga lililolazwa mbele ya ghala la pamba. Ukikaa pale uliona barabara ya Geita upande mmoja, na upande wa pili vifusi vya maduara, yale mashimo walimozama watoto wa watu kutafuta dhahabu. Mwaka ule wa themanini na tatu sukari ilikuwa hadithi, sabuni hadithi, betri za redio ndiyo usiseme kabisa. Ila kahawa ya Mzee Sefu ilikuwepo, chungu vilevile, na wazee wa gogo waliinywa kwa karanga na maneno. Maneno hayakuwahi kuadimika Nyarugusu. Asubuhi ninayoisimulia, Leodgar alifika kabla ya wote, akakaa mwisho wa gogo mgongo umekakamaa, karatasi mfukoni, macho barabarani.

Huyu Leodgar watu walimwita Redio, kwa sababu tangu alipokuja kutoka Ushirombo hakuna aliyewahi kumshinda kwa kusema. Viroba vya mawe vilimharibu mgongo, akaenda kwa Mama Justa, mwumishi anayesifika mpaka Bugarama. Mama Justa akamchanja chale kwa wembe, akampachika pembe tano za ng'ombe kutoka kiunoni hadi shingoni, akazinyonya na kuziziba kwa nta. Damu nyeusi ilipokwisha kutoka, akazipaka chale majivu ya mavi ya ng'ombe aliyoyazoa zizini. Akampa masharti: siku saba usioge, usinywe maziwa, usivuke maji. Leodgar aliyashika yote.

Jana yake, siku ya tano, taya likagoma. Kati ya meno ya juu na ya chini hapakupita hata ncha ya kidole. Mganga wa zahanati alimtazama, akazitazama zile chale, uso ukambadilika. Alisema dawa ya hilo hana, akaandika cheti. Mafuta yalikuwa shida nchi nzima, na gari la kwenda Geita lilikuwa moja tu kwa wiki, lori la pamba, nalo lilikuwa linapita asubuhi hiyo. Leodgar alihitaji watu wawili wa kumbeba wamweke juu ya magunia. Basi. Alikuja kijiweni kwa sababu hiyo, na kwa sababu mkewe alikuwa mbali Ushirombo na hakuwa na ndugu wengine hapa isipokuwa hawa.

— Redio, mbona kimya? Betri zimekwisha? — aliuliza Bujiku, ambaye wote walimwita Karabai kwa ile taa yake ya kuzamia shimoni. Yeye na Leodgar walichimba duara moja miaka mitatu, wakala sahani moja.

Leodgar akatoa karatasi. Karabai akaigeuzageuza, akampa Mageni, mjumbe wa nyumba kumi, maarufu kama Balozi. Balozi akavaa miwani yake ya mguu mmoja, akakohoa kama yuko mkutanoni.

— "Apelekwe hospitali Geita leo." Sahihi ipo. Muhuri upo.

— Leo hii? — Karabai akashtuka.

— Tulia. Leo ya serikali ni wiki hii. Mimi naijua serikali, nimo ndani yake.

Leodgar akanyoosha kidole barabarani. Maneno yakapita kwa shida katikati ya meno:

— Lori. Nipandisheni.

— Tutakupandisha, bhabha, nduhu mhayo, hakuna neno — alisema Karabai. — Lenyewe halijafika. Kunywa kahawa kwanza.

Mzee Sefu akammiminia. Leodgar akajaribu, kahawa ikamrudi kidevuni na kumwagikia shati. Hakuna aliyeona, kwa kuwa Katekista alikuwa amesimama, na Katekista akisimama watu humtazama yeye. Jina lake Ansgar. Alikaa miaka miwili kwa mapadri akisomea ukatekista, pombe ikamrudisha, ila ile tabia ya kuhubiri haikurudishwa.

— Kabla hatujambeba mtu, tujue amekosa wapi. Ameumikwa lini?

— Leo ya sita, gete, kweli kabisa — alijibu Karabai. — Mimi ndiye niliyemshika mabega.

— Ya sita! Na njia ya Geita ina mto. Mnataka kumvusha maji na saba haijatimia? Damu iliyobaki mwilini bado inatafuta njia. Ikiona maji inayafuata.

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga — alisema Balozi.

— Umesema! Ndiyo maana alikatazwa kuoga.

Kuna daraja, Leodgar alitaka kusema. Mtu anakaa juu ya gunia, gunia juu ya lori, lori juu ya daraja; hayo maji yananigusia wapi? Siku nyingine angewabwaga wote kwa hoja hiyo moja, na wangecheka mpaka karanga ziwapalie. Sasa hoja ilikaa nyuma ya meno haitoki, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliogopa, si kidogo.

— Mimi nasema ni mlenda — alidakia Karabai. — Jumamosi alikula kwa mama lishe Paskalina. Mlenda unateleza. Umeteleza kooni ukaenda kushika maungio ya taya.

— Mlenda ulainishe au ukaze? — aliuliza Mzee Sefu.

— Ukilala ndani unakauka, Mzee. Hujaona sufuria ya jana?

Leodgar hakula mlenda. Akatikisa kichwa, lakini shingo nayo ilikuwa imekaza, kichwa kikasogea kidogo sana, wakadhani anakubali.

— Mnaona! Mwenyewe anakiri.

— Hayo madogo — alisema Balozi akishusha sauti, maana mwaka ule wa msako wa wahujumu kila neno la dhahabu lilisemwa kwa kunong'ona. — Damu yake mliifukia wapi?

Karabai akababaika.

— Mdomoni mwa duara letu. Ili itupe bahati.

— Lo! Dhahabu ya nchi ni mali ya umma. Ninyi mmeilisha damu ya mtu binafsi! Sasa inamdai kiwiliwili kizima, nayo inaanzia mdomoni kwa sababu mdomoni ndipo mlipoilishia. Kamati ikijua, huo ni uhujumu uchumi.

— Usinitishe, Balozi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Taya halimo.

Wakacheka. Leodgar akasikia mgongo unajivuta wenyewe, kama kuna mtu anaukaza kwa kamba kutoka nyuma. Akashika gogo kwa mikono miwili mpaka ukaachia. Alihesabu pumzi. Nitakufa, alijiambia, nitakufa hapa nikiwa nimekaa na rafiki zangu.

Katekista hakucheka. Alikuwa ametulia, na hiyo ilikuwa dalili mbaya.

— Pembe ya mwisho ilikaa wapi?

— Shingoni — alisema Karabai.

— Shingoni! Jamani, pembe inanyonya haichagui. Sauti ya mtu inakaa wapi? Mtu mwingine sauti yake iko tumboni, ndani. Huyu ni msemaji, yake ilikuwa juujuu, karibu na ngozi. Pembe ikaivuta, nta ikaziba. Sauti ya Redio iko kwa Mama Justa, imetundikwa ukutani ndani ya pembe!

Hata Mzee Sefu aliacha kumimina.

— Mimi nimekulia Ujiji, sijapata kusikia.

— Ujiji mna dagaa, Mzee. Mtajulia wapi pembe? Dawa ya moto ni moto. Iletwe pembe ileile, apuliziwe mdomoni, sauti irudi kwake. Halafu hospitali ya nini tena?

— Na siku ya saba haitavunjwa — aliongeza Balozi kwa furaha. — Pia cheti kitafaa wiki ijayo.

Karabai alikuwa keshasimama, anakunja suruali. Leodgar akamdaka shati. Ndiye mwenye mikono ya kumbeba. Balozi mgonjwa wa ngiri, Katekista habebi hata jembe, Mzee Sefu mzee. Akavuta lile shati kwa nguvu zake zote akimtazama usoni, akimwomba kwa macho: usiende, kaa hapa, lori litakuja.

— Usiogope, ndugu yangu — alisema Karabai, akambandua vidole kimoja kimoja, taratibu, asimuumize. — Narudi sasa hivi. Sikuachi hivi mimi.

Akaondoka mbio akiruka vifusi. Alimpenda Leodgar kweli, hilo ndilo linalouma. Kama angempenda kidogo tu, angekaa akaendelea kunywa kahawa.

Hakuwa amepotea machoni lori lilipotokea kwenye kona, limejaa pamba mpaka juu. Dereva, Donatus, alisimama bila kuzima injini. Mwanamke mmoja aliyevaa kitenge akashuka na beseni lake.

— Kuna anayekwenda? — alipiga kelele Donatus. — Nafasi ya mmoja, haraka!

— Yupo mgonjwa — alijibu Balozi — lakini tusubiri kidogo, ndugu dereva, kuna pembe inakuja.

— Pembe? Hili likizima haliwaki, mzee. Anapanda au hapandi?

Leodgar akasimama. Mwenyewe. Akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, miguu imenyooka haikunjiki, mkono mbele kuelekea ubao wa lori. Ilibaki hatua moja. Hapo injini ikapiga mshindo wa moshi, paa! Na ule mshindo ukamwingia mwilini. Mgongo ukapinda kwa nyuma. Uso wote ukavutika, nyusi zikapanda, midomo ikanyooka pande zote mbili, meno yakatoka nje yote. Akarudi nyuma, akaangukia gogo, akabaki ameegemea ukuta wa ghala na uso uleule.

— Anacheka! — alisema Katekista.

— Jamani, Redio anacheka! — Balozi akapiga makofi. — Nilisema mimi! Hata pembe haijafika!

Donatus akachungulia dirishani.

— Mgonjwa mwenyewe ndiye huyo? Mgonjwa gani wa kucheka hivyo? Mniache, nina pamba ya watu. Wiki ijayo nikijaliwa.

Leodgar alisikia kila neno. Alisikia gia ikiingia, alisikia magurudumu yakisaga changarawe. Akili yake ilikuwa timamu, safi, haijapungua hata chembe. Alipiga yowe kwa nguvu zake zote, na yowe likaishia ndani. Lori likaondoka.

Karabai akarudi anatweta, pembe mkononi. Alipomwona mwenzake vile, furaha ikamjaa. Akakaa chini vumbini, akacheka naye, akampigapiga paja.

— Kumbe umepona kabla sijafika! Umenikimbiza bure wewe! Mzee Sefu, mpe kikombe kingine, mimi nalipa.

Mwanamke wa beseni alikuwa bado amesimama. Aliitwa Philomena, mgeni kutoka Segese, na alikuja kumtembelea shemeji yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama, karibu kijiweni — waliitikia wote kwa bashasha, wakamsogezea nafasi kwenye gogo.

Philomena hakukaa. Alitua beseni, akasogea hatua moja karibu na Leodgar, akainama kumtazama usoni, akamtazama tena machoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka Leodgar mpaka kwenye yale meno.

— Samahani, baba zangu — aliuliza. — Huyu anacheka nini?

Karabai akaacha kucheka. Akamgeukia Katekista. Katekista akamtazama Balozi. Balozi akavua miwani, akaishika mkononi, akatazama barabara ya Geita, ambako hata mlio wa lori ulikuwa hausikiki tena.