Bima ya Meya

Benchi liko mbele ya kibanda cha chai cha Doreen, mjini Grimsby, Uingereza, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba aliyoachiwa Norman na mama yake. Kwa nyumba hiyo moja ya kupangisha, Norman anaitwa Meya, na anaitika. Asubuhi hiyo mpangaji alikuwa hajalipa miezi mitatu, kodi ndiyo inayolipa mkopo wa kutengeneza paa, na mkopo usipolipwa nyumba ya mama inauzwa. Meya alikuwa anacheka.

— Sina presha mimi! Nimekata bima ya kodi. Asipolipa yeye, wanalipa wao.

— Mpaka lini? Doreen aliuliza.

— Mpaka nife!

— Ukifa wanakuletea kaburini, akadakia Wilf, aitwaye Profesa, ambaye elimu yake yote ilitoka kwenye magazeti ya kufungia chipsi. — Na mpangaji anabebwa na gari jeusi, anapelekwa Norwei kupara samaki.

Meya akakunjua karatasi za bima awasomee utukufu wake. Akasoma. Sauti ikaanza kushuka yenyewe. Wanalipa miezi sita, basi. Mwezi wa kwanza ni hasara yako. Na mpangaji lazima awe amechunguzwa kipato chake kabla ya kukabidhiwa funguo.

— Ulimchunguza? Doreen aliuliza.

— Tena sana! Nilimpa chai. Akatia maziwa mwisho, kama mstaarabu. Nikampa mkono, nikampa funguo.

— Basi bima yako imezama kwenye maziwa, mzee, Doreen akasema.

Mama mmoja mwenye mbwa, aliyekuwa akingoja basi, akageuka.

— Samahani, kipenzi. Mpangaji mwenyewe anasemaje?

Profesa akachungulia kikombe chake kitupu. Doreen akafuta kaunta safi.

— Tunaongea kila asubuhi, Meya akasema.

— Kuhusu kodi?

— Kuhusu mvua. Mama wee, mtu unamuulizaje mwenzio habari za hela mlangoni kwake?

Meya akatazama ng'ambo, kwenye mlango ambao mama yake aliubisha mwenyewe kila mwezi kudai kodi kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumwita mama huyo Meya. Akafunga vifungo vya koti mpaka kidevuni. Karatasi akaziacha benchini.

Akavuka kifua mbele. Akabisha mara tatu, kwa nguvu, vile vile alivyobisha mama. Mlango ukafunguka, mpangaji akatokea.

— Norman! Naona mawingu yanakusanyika.

— Yakusanyike, bwana Pell. Leo sikuja kwa ajili ya mvua.