Kabichi ya Harusi Kivukoni Garsen

Kila kamba ya kivuko ilipovutwa, vidudu vyeupe viliruka kutoka kwenye kabichi ya mapambo aliyoipakata Rosina. Kesho ndiyo ingepamba kanisa kwa harusi ya bintiye.

"Naiosha kwa maji ya sabuni, vinarudi tu," alimlalamikia jirani yake, Kaltuma, mama wa Kiorma mwenye vibuyu vya maziwa.

"Ifukize moshi, dada, kama vibuyu vyetu."

"Kanisa zima linuke kama kibuyu cha maziwa?"

"Afadhali hivyo kuliko bibi harusi apige chafya mbele ya padri!"

Abiria mwenzao, Mwalimu Gershom, aliyeketi nyuma yao, alifurahia utani huo hadi akatamani mto uwe mpana zaidi.

"Nialike, nije na moto wangu," Kaltuma alisema.

"Njoo. Nitakungoja mlangoni na ndoo ya sabuni."

Kivuko kikagonga ukingo. Kaltuma akampokea Rosina kabichi ili ashuke, vidudu vikawafuata wote wawili.